Swichi ya dima ya kwenye simu: fungua boksi la ukutani kabla hujatoa hela

Mwezi wa saba mama alishuka kutoka Machame akaja kukaa na sisi hapa Sakina, Arusha, alikuwa na kliniki za mguu, sasa usiku akiamka kwenda chooni anawasha taa ya korido, LED nyeupe ile kali, anasimama pale mlangoni kakunja uso, kiganja juu ya macho kama mtu anayetafuta basi kwa mbali. Asubuhi salamu ni moja tu, "mwanangu hiyo taa yenu inanipiga macho." Ndo nikaanza kutafuta habari za dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, na sio ile ya kuzungusha kama sauti ya redio, nikataka ile smati kabisa ya kupangia kwenye simu. Nawaelezea nilivyofunga, pamoja na hela niliyoimwaga kwa kununua kwanza na kuangalia ukuta baadaye.

Dima ya kwanza ililetwa na shemeji yangu anayeishi Marekani, alisema usinunue huko nakuja nayo. Ikaja kweli, nzuri, nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Aisee, kwetu ni volti 230 na hezi 50, ukiiunganisha hiyo hapa unaiunguza, na hata isingeungua bado haiingii ukutani, kwa sababu maboksi yetu ni ya mraba wa kiingereza, inchi tatu kwa tatu hivi, ya kwao ni membamba marefu. Ipo kabatini mpaka leo, shemeji hajui, msimwambie. Kwa hiyo cha kwanza geuza kifaa usome mgongoni, kiwe kimeandikwa 220-240V au 100-240V, 50Hz, na uso wake uwe mraba.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana kazi yote iko hapo.

Nyumba nyingi za huku fundi akitandaza waya, nyutro, ule waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, anaiacha juu darini inaenda moja kwa moja kwenye taa, kwenye swichi anashusha waya mbili tu, wa moto unaokuja na wa kurudi unaopanda kwenye taa. Swichi ya kawaida hiyo inaitosha, yenyewe kazi yake ni kukata na kuunga. Lakini swichi smati ina redio ndani, inasikiliza waifai usiku na mchana hata taa ikiwa imezimwa, lazima ipate umeme muda wote, na nyingi zinaupata kwa kutaka nyutro pale pale kwenye boksi. Mimi nilinunua ya pili yenye alama za L (moto), N (nyutro) na L1 (wa kurudi), nikazima umeme, nikafungua skrubu mbili, nikavuta swichi ya sebule, nikaona waya mwekundu na mweusi. Nikafurahi! Si mwekundu ni moto na mweusi ni nyutro?

Wapi. Fundi alipokuja akacheka, akaniambia "Dada, huyu mweusi ni wa kurudi, nyutro yako iko juu kule." Kumbe wanashusha ule waya pacha wenye rangi mbili, kwa hiyo mweusi unabeba moto kila ukiwasha taa. Akanionyesha kwa multimita, swichi ikiwa imewashwa mweusi una volti, ikizimwa hauna. Nyutro ya kweli haibadiliki kwa kubonyeza swichi. Rangi usiiamini, hasa nyumba ambayo imepita mikononi mwa mafundi watatu wanne.

Ukikuta hakuna nyutro una njia tatu. Ya kwanza, fundi aivute kutoka darini kupitia lile bomba la waya, kama bomba lina nafasi na halijazibwa na saruji, hiyo ndo safi kuliko zote. Ya pili, nunua dima isiyohitaji nyutro, zipo, zinapitisha umeme mdogo sana kwenye balbu ili zenyewe ziishi, shida yake balbu za LED zinaweza kuendelea kuwaka kidogo kama kaa la moto hata ukizima au zikawa zinakonyeza, ndo maana kwenye paketi kunakuwa na kikapasita kadogo ka kufunga kule kwenye taa, usikatupe na boksi. Ya tatu, achana na swichi, weka balbu smati yenyewe, hii ndo nzuri kwa mpangaji maana huhitaji kumuomba mwenye nyumba ruhusa na ukihama unaondoka nayo. Ila usichanganye, balbu smati juu ya swichi ya dima zinagombana.

Fundi akikuambia "hapa nyutro hakuna, tutumie ethi", mshukuru, mpe nauli aende. Ethi ni waya wa ardhini, wa usalama tu, ukiipitishia umeme wa kila siku unaweza kukuta bodi ya friji ama bomba la maji linapiga shoti.

Ukiwa umefungua hapo hapo pima na kina cha boksi. Hizi dima zina tumbo, nyuma zinachukua sentimita tatu hadi nne, na maboksi mengine yaliyochimbiwa kwenye tofali ni mafupi, unasukuma swichi inakaa imechomoza kama jino bovu. Usilazimishe, waya zinabanwa. Kuna fremu za kuongezea kina au unaweka boksi la kupachika juu ya ukuta, haipendezi sana lakini inakaa vizuri.

Na korido sasa, ile ya mama, ilikuwa na swichi mbili, moja mlango wa jikoni nyingine karibu na vyumba, zote zinawasha taa moja. Dima ya kawaida haikai hapo kama swichi ya pili imebaki ya kawaida, labda iwe imeandikwa kabisa kwamba inakubali na ije na mchoro wake. Tulifanya hivi, upande wa vyumba ikakaa dima, upande wa jikoni fundi akaunganisha waya moja kwa moja kwa konekta akafunika na kifuniko kisicho na tundu. Mume wangu alilalamika siku mbili tatu akapoa.

Balbu. Hapa wengi wanapigwa. Dima haipunguzi mwanga kwa kupunguza volti kama watu wanavyodhani, inakata kipande cha kila wimbi la umeme, na kwa hezi 50 inakata mara 100 kwa sekunde, jicho halifuatilii, linaona mwanga umepungua tu. Zile balbu za zamani za waya mwekundu ndani zilikuwa hazijali. LED ina kisakiti chake ndani, na kama hakikutengenezwa kwa ajili ya dima kinachanganyikiwa, balbu inakonyeza, inalia zzzz, ikifika nusu inazima ghafla, mwisho inakufa. Balbu inayokubali imeandikwa "dimmable" kwenye paketi, litafute neno hilo lenyewe, usimuulize muuzaji maana atakujibu "hiyo inakubali zote." Mimi nilizunguka maduka ya umeme mjini karibu saa mbili nzima kabla sijazipata. Chagua na rangi, ile ya njano njano ya kelvini 2700 au 3000, hata ikiwa kamili haipigi macho. Tubulaiti usiweke, na feni la dari usithubutu kuliunga kwenye dima ya taa, mota inapata joto na kuungua.

Angalia pia wati. Mgongoni imeandikwa kiwango cha juu, na mara nyingi cha LED ni kidogo kuliko cha balbu za zamani, usisome ile namba kubwa ukashangilia. Kuna na kiwango cha chini, kabalbu kamoja ka wati 3 kanaweza kuwa kadogo mno kakawa kanatetemeka.

Kufunga kwenyewe ni dakika ishirini. Zima breka ya taa kwenye meni swichi, na kama nyumba yako ina inveta na betri au sola zima na hiyo, watu wanasahau, wanazima ya TANESCO halafu inveta inaleta umeme mwingine kwenye waya zile zile. Mwambie kila mtu ndani ya nyumba asiguse breka, bandika hata karatasi. Testa ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme uone inawaka, ndo upime waya za swichi, halafu rudi uijaribu tena kwenye soketi, maana testa mbovu na waya usio na umeme vinafanana. Piga picha waya zilivyokaa kabla hujatoa hata mmoja. Halafu waya wa moto unaingia L, nyutro N, wa kurudi L1, ethi kwenye boksi kama ni la chuma. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa vidole, ukitoka ulikuwa haujakaa, na shaba isionekane nje ya tundu. Kunja waya taratibu kama unavyokunja khanga, usizishindilie, rudisha uso, washa breka.

Kama hujawahi kushika waya wa umeme hii aya niliyoandika sasa hivi ni ya kumsimamia fundi, sio ya kufanya mwenyewe. Tafuta mwenye leseni ya EWURA, wale wanaosimamia nishati na maji. Mimi nilishika tochi tu na kuuliza maswali.

Kabla ya simu jaribu kwa mkono, iwashe, ipunguze, izime. Ikikubali ndo uingie kwenye apu iliyoandikwa kwenye karatasi yake, yangu inatumia Smart Life. Unabonyeza kitufe sekunde kama tano mpaka kataa kake kaanze kupepesa, kwenye simu unaongeza kifaa, unaweka neno la siri la waifai. Ikigoma, tisa kwa kumi ni kwa sababu nyingi ya hizi swichi zinashika waifai ya gigahezi 2.4 tu na simu yako iko kwenye ya 5. Ingia kwenye ruta utenganishe majina ya hizo mbili, au zima ya 5 kwa muda. Bando likiisha usiogope, kubonyeza ukutani kunafanya kazi kama kawaida.

Mipangilio mitatu usiiruke. Kuna kiwango cha chini cha mwanga, ukikiacha asilimia 1 balbu nyingi zinatetemeka huko chini, panda taratibu mpaka zitulie, zangu zilitulia kwenye 12. Kuna hali ya umeme ukirudi, yaani TANESCO wakikata na kurudisha taa ifanye nini, nyingine zinakuja zimewekwa kuwaka zote, sisi usiku mmoja umeme ulirudi saa tisa nyumba nzima ikawa kama uwanja wa mpira, mtoto akaamka akadai uji. Weka ibaki imezimwa, au irudi ilivyokuwa.

Na ya tatu ni saa, jamani. Nilitaka taa ya sebule iwake saa moja usiku kwa asilimia 60, nikaandika 01:00. Usiku wa manane, saa saba kamili, sebule ikawaka yenyewe taratibuuu, mume wangu akatoka na panga. Simu inahesabu kizungu, saa moja usiku ni 19:00, saa nne ni 22:00. Au tumia kuzama kwa jua, apu inalijua eneo lako, na Arusha jua halihamihami sana, mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika tano hivi.

Wengine wananiuliza kama LUKU imepungua. Kidogo mno. Balbu ya wati 9 ikiwaka masaa matano kila siku ni kama uniti moja na nusu kwa mwezi haifiki, sasa hapo uokoe nini, na swichi yenyewe inakula kidogo muda wote. Fanya kwa ajili ya macho. Na swichi yako ya zamani usiitupe, umeme wetu ukiyumba hivi vifaa vinakufa, utaihitaji siku hiyo.

Korido sasa nimeipanga kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ukibonyeza inawaka asilimia 15 tu. Mama siku ya kwanza alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena ikazima, akaniita, "mwanangu, umeme wenu leo ni mdogo."