Kuchora mstari wa utumishi wa Herman Tjeenk Willink

Kwa vilabu vya uraia vya shule za Mombasa: mwanasheria huyu wa Uholanzi, mzaliwa wa 1942, ni mfano mzuri kwa sababu vyeo vyake huwachanganya wengi.

Unganisha manila mbili, kisha piga mstari wa sentimita 70. Kila mwaka upe sentimita 2, ukianzia 1987 alipoingia Seneti kwa Chama cha Leba. Uspika wa Seneti (1991–1997) unaanza sentimita ya 8. Kutoka ya 20 hadi ya 50 paka rangi moja: Makamu wa Rais wa Baraza la Serikali, 1997–2012.

Hapo ndipo wanafunzi huteleza. Wakiona “makamu” humwandika naibu wa rais wa nchi. Uholanzi ni ufalme. Mfalme ndiye rais wa Baraza hilo kwa heshima tu, na makamu ndiye anayeliendesha. Kazi ya Baraza ni kuishauri serikali kuhusu miswada, na lina kitengo cha mahakama pia. Vilevile cheo cha Waziri wa Serikali alichopewa 2012 ni cha heshima, hakina wizara; kitie nukta, si rangi.

Usuluhishi wake kati ya vyama ili kuunda serikali (2010, 2017, 2021) uweke chini ya mstari, maana ule wa 2010 unagongana na kazi ya Baraza. Seneta wa Mombasa huchaguliwa na wapiga kura. Wa Uholanzi, na mabaraza ya majimbo. Tofauti hiyo iandike pembeni.

Bandika kwa gundi ya maji. Selotepu hubanduka kwa unyevu wa pwani.