Huduma ya mkoba ya meno wakati wa mlipuko: mashine ibaki, vyuma vya mkono viende

Mashine ya kuchonga meno hurusha mate hewani. Ugonjwa wa njia ya hewa ukizuka, kama UVIKO-19, iache hospitalini. Ukienda vijijini mkoani Arusha, kama Longido au Ngarenanyuki, vyuma vya mkono vinatosha kung'oa na kuziba. Uzibaji huu usio na mashine ulianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980.

1. Panga kiti barazani au chini ya mti, upepo ukatize ubavuni mwenu. Ita watu kitongoji kwa kitongoji. Siku ya gulio usijaribu.

2. Mwenye homa au kikohozi ambaye jino linavumilika, mpe dawa ya maumivu na tarehe nyingine. Aliyevimba chini ya taya, mdomo haufunguki au mate hayamezeki, hana cha kusubiri: gari hadi hospitali ya Mount Meru (Arusha) au KCMC (Moshi).

3. Maji ya ukanda wa Meru yana madini ya floraidi mengi, hivyo meno ya kahawia yatakuwa mengi. Kahawia si kuoza. Gusa kwa chuma: kama jino ni gumu na halina shimo, liache.

4. Kuziba: kwangua sehemu laini kwa kijiko cha meno, ukianzia kingoni. Karibu na kiini (sehemu ya ndani yenye mishipa) usichimbe mno; sakafu ngumu yenye rangi ibaki. Pangusa kwa pamba yenye maji, kausha kwa pamba kavu. Changanya glasi ionoma (saruji ya kuzibia meno) kwa kipimo cha kopo lake, jaza ingali inang'aa (ikififia haitashika), kisha kandamiza kwa kidole chenye vaselini. Asile kwa saa 1.

5. Kusafisha vyuma ndipo wengi hukosea. Sugua kwa sabuni, halafu loweka kwenye klorini ya 0.5%: Jiki ya 3.5% kikombe 1, maji vikombe 6, dakika 10. Ukizidisha, koleo huota kutu kwenye kiungo. Suuza, kausha, funga kwa kitambaa, tia kwenye chungu cha presha chenye geji (saa ya kupimia presha) ili mvuke uue vijidudu.

Acha mvuke utoke kwanza ndipo ufunge valvu. Hewa ikibaki ndani, geji hupanda lakini joto halifiki 121°C. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo paundi 15 (kwa inchi ya mraba) za vitabuni hazitoshi: fikisha 17. Dakika 30 zihesabiwe geji ikishafika hapo, si jiko linapowashwa. Vifurushi vikitoka vimelowa, rudia. Kitambaa kibichi hupitisha vijidudu.