Mji wenu wa pwani ukiletewa mchoro wa ufukwe mpya, fanya hivi kabla hamjauza na kabla hamjapinga

Wakuu habari za leo. Hii nawaandikia hasa sisi tunaoishi Dar lakini kwetu ni Bagamoyo, Pangani, Tanga, Kilwa, Lindi, Mikindani, ile miji ya pwani mikongwe ambayo vijana walishapanda basi zamani na kwenye nyumba za mawe wamebaki wazee na popo. Siku moja grupu la familia linapokea picha, imechorwa kwa kompyuta, ufukwe wa kwenu umepangwa minazi mstari mmoja, kuna mahoteli ya vioo, watu wanakunywa kahawa, na chini yake baba mdogo kaandika "tuuze au tusubiri?" Mimi hilo limenikuta, familia ikagawanyika pande mbili na hakuna upande uliokuwa na taarifa yoyote zaidi ya ile picha. Kwa hiyo naweka hapa namna ya kuuangalia mpango wa aina hiyo ujue una nafasi gani ya kufanikiwa, na kwenu mtabaki na nini.

Anza na Dar kabla hujaenda kwenu, maana hapa tunakaa na shule ya bure. Amka nenda soko la samaki la Feri pale Kivukoni saa kumi na mbili asubuhi, usinunue kitu kwanza, simama tu uhesabu. Chombo kinafika, wabebaji wanaingia majini mpaka kifuani, ndoo na matenga yanapanda, dalali anaanza kunadi, mama mwenye ndoo mbili kashinda mnada, anampa wa kupara, wa kupara ana kijana wake wa kuosha, halafu kuna wa barafu, wa mifuko, wa kuni, wa chai na maandazi, wakaangaji na makarai yao, bodaboda kafunga tenga nyuma anaelekea Mbagala. Mimi siku niliyofanya hivyo nilihesabu kazi kumi na nne tofauti kwenye samaki wa boti moja tu. Soko lile lilijengwa kwa msaada wa Japani likafunguliwa 2002, na pamoja na matatizo yake yote, waliolipanga walielewa jambo moja, kwamba boti ikishushwa hapa basi mnada uwe hapa, kupara hapa, kukaanga hapa. Sasa rudi kwenye ile picha ya kwenu utafute mtumbwi unashusha wapi. Kama kwenye mchoro hamna mtumbwi, au kuna mmoja umewekwa kama pambo, hilo ndo swali lako la kwanza kwenye mkutano, na uliulize kwa sauti.

Kwetu (mji siutaji) walijenga ukuta mzuri wa zege, kimo cha mtu, na ngazi wakaweka sehemu moja tu tena nyembamba, vipandio virefu. Shangazi yangu anakaanga samaki pale miaka mingi. Ndoo ya lita ishirini ikijaa dagaa inataka watu wawili washike kila mmoja upande wake, na zile ngazi wawili hawapiti sambamba. Ikabidi waanze kulipa vijana wa kuwapandishia, hela ambayo zamani haikuwepo, na faida yake yote shangazi kwa siku hata haifiki bei ya chakula cha mchana kwenye hiyo mikahawa iliyochorwa. Hakuna aliyemfanyia kwa ubaya. Hakuna aliyemuuliza, basi. Sentimita themanini za upana wa ngazi.

Ukitoka Feri, jumapili nyingine panda gari la Kunduchi ukaongee na wazee pale kuhusu hoteli ya Africana, jinsi bahari ilivyoila mpaka ikaachwa. Sehemu kubwa ya sababu ni mchanga, mito ya huku juu ndo ilikuwa inaleta mchanga ufukweni, watu wakauchimba kwenye mito kwa ajili ya kujengea nyumba, bahari ikaendelea kuchukua huku hakuna kinachorudishwa. Kwa hiyo uliza, ufukwe wa kwenu unalishwa na mto gani, na huko juu nani anachimba mchanga, na mikoko iliyobaki ni kiasi gani. Ukuta pekee hautoshi, mara nyingi ukizuia bahari hapa inaenda kula kwa jirani.

Halafu nenda kwenu wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakijaa kabisa. Huku kwetu tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua inazidi mita 3, kwa hiyo mtu akikupeleka kuona kiwanja maji yakiwa yamekupwa anakuonyesha ardhi ambayo jioni haipo. Chomeka kijiti pale maji yalipofika, piga picha, kisha pima mita 60 kwenda nchi kavu. Hiyo 60 siyo ya kubuni, ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ukishajua huo mstari unaanguka wapi utajua mchoro wao umekaa ndani au nje, na utajua pia nyumba ya babu yenu imekaa wapi, maana watu wengi wanapigania eneo ambalo kisheria lina utata tayari.

Na kina cha maji pia ukiulize. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, 1891 wakahamia Dar kwa sababu hapa meli inaingia ndani ya bandari yenye kina na imekingwa, wakati Bagamoyo ni fungu refu la mchanga, chombo kinakaa mbali. Kile kina hakijabadilika. Ukiona mchoro umeweka boti kubwa za kitalii ukingoni mwa mji kama huo, uliza nani atachimba mchanga na nani atalipa kuchimba tena mchanga ukirudi, kwa sababu utarudi.

Majengo ya zamani. Hapa ndo huwa naumia. Watu wanakimbilia bustani na taa kwa sababu vinaonekana haraka, mapaa yanaachwa. Forodhani kule Unguja ilikarabatiwa vizuri sana na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa 2009, wauza urojo na mishikaki wapo mpaka leo na wenyeji wenyewe wanakwenda jioni na watoto, mimi naihesabu kama mfano mzuri kuliko yote niliyoiona. Lakini ukikaa kwenye benchi la Forodhani ukageuka nyuma kuna Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, jengo la 1883, na sehemu yake kubwa ilianguka Desemba 2020, tena likiwa kwenye ukarabati, watu wakafa. Nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti haziuliwi na uzee, zinauliwa na maji yanayoingia juu, boriti inaoza ndani ya ukuta huwezi hata kuiona, na ukija kupiga plasta ya simenti ndo unafungia unyevu humo humo. Kwa hiyo kama kwenu kuna nyumba ya ukoo karibu na maji, hela ya kwanza mtakayochanga iende kwenye paa, hata bati tu kwa sasa, kabla ya projekti yoyote. Nyumba iliyosimama ina bei na ina sauti mezani. Ukitaka kuona jengo kuukuu linavyoweza kupata kazi mpya, nenda Old Boma pale Sokoine Drive, la miaka ya 1860, zama za Sultani Majid, leo ndani kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo.

Makaratasi sasa. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa afisa mipango miji wa halmashauri, omba kuona mchoro wa mipango miji uliopitishwa, siyo ile picha ya kompyuta. Uliza kama tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika na imefika NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, maana wanaoifanya wanatakiwa waongee na wenyeji, na shangazi yangu ambaye hana kiwanja pale, ana meza tu na karai, kama hakuandikwa humo basi kwenye mahesabu ya mradi hayupo. Wavuvi wapitie BMU yao, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi, wana nafasi kubwa kuliko mtu mmoja mmoja.

Kwa wenye ardhi, fidia siyo bei ya nyumba peke yake, hapa watu wengi wanapigwa kwa kutojua. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni zake zinahesabu thamani ya ardhi, majengo na mimea, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi mara miezi 36, usafiri wa tani 12 kwa kilomita 20, na hasara ya faida ya biashara nayo mara miezi 36 ukiwa na hesabu za kuonyesha. Hizo hesabu ndo tatizo, mama ana genge miaka kumi na tano hana daftari. Mnunulie daftari leo, aandike kila siku alichouza na alichotumia. Mthamini akija hakikisha mwenye nyumba yupo, apigwe picha na namba yake mbele ya nyumba, asome fomu kabla ya kusaini, abaki na nakala, na kama nyumba ni ya mirathi ambayo haijafunguliwa, ifungueni sasa hivi kabla ya hela kuja, mkichelewa mtapelekana mahakamani ndugu kwa ndugu.

Mwisho pima wateja. Usiende sikukuu ya Idi ukaona watu wamejaa ukafurahi, nenda jumanne ya kawaida saa mbili usiku ukahesabu nani yuko ufukweni. Miji iliyo karibu na Dar kama Bagamoyo, kilomita kama 70 hivi, ina watu wa jumamosi, mtu anakula pweza anarudi kulala kwake, na hapo mimi naona nafasi ipo kweli. Pangani au Kilwa mtu lazima alale, kwa hiyo gesti safi na maji ya bomba yanatangulia mbele ya kila kitu. Kwa mji mdogo ningependa waanze na choo safi, kivuli, taa, mtambo wa barafu, ngazi pana, na mtu analipwa mshahara wa kuvitunza, halafu miaka miwili mitatu ndo waongelee hoteli. Mkutanoni uliza mshahara wa huyo mtunzaji unatoka fungu gani, na jibu wakiliandika kwenye muhtasari piga picha ukurasa huo.

Mabasi madogo ya Bagamoyo yanatokea Makumbusho. Bebeni futi ya mita 50 na kamba, na mkifika msianzie ofisini, anzieni kwa wakaangaji, mnunue samaki, mkae, muulize maji ya bamvua la mwisho yalifika wapi. Shangazi yangu mwenyewe alinionyesha alama kwenye mguu wa meza yake, alishaikata kwa kisu miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka iko juu kidogo.