Kupita ukaguzi wa uwanja wa ndege na filamu ambazo hazijasafishwa

Kijana mmoja wa Mikindani anakwenda Ulaya na mikanda ya filamu aliyopiga Kilwa Kisiwani. Niliyomwambia ni haya.

Hatua ya 1. Maliza mkanda ulio ndani ya kamera, uzungushe urudi kwenye kopo lake, utoe. Afisa akitaka kuona kama kweli ni kamera, ataifungua mgongo. Hapo huhitaji tena eksirei ya ukaguzi ikuharibie filamu, mwanga tu unatosha kuunguza picha.

Hatua ya 2. Mikanda yote iwe begi la mkononi. Mashine za mizigo inayopakiwa chini zina nguvu, haziachi hata filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga; namba ikipanda, filamu huharibika upesi zaidi). Negativu zilizokwisha kusafishwa ziweke popote.

Hatua ya 3. Tupa maboksi, panga mikanda kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Ile mifuko ya madini ya risasi siipendi: kwenye skrini inatokea doa jeusi, begi linarudishwa kupitishwa upya.

Hatua ya 4. Omba ukaguzi wa mkono. Wengi hukwama hapa. Fika mapema, maana afisa mwenye foleni ndefu hana muda na wewe. Shika mfuko mkononi kabla begi halijaingia mashineni. Salimia kwanza, mtu mzima mpe shikamoo yake, kisha: "Afande, naomba hizi zikaguliwe kwa mkono, ni filamu za kamera, hazijasafishwa." Usimfundishe kazi yake.

Akikataa, tazama mashine. Ikiwa ya kawaida, filamu iliyo chini ya ISO 800 huvumilia kupita mara chache, ipitishe, usigombane. Lakini madhara hujumlishika, kila mashine inaongeza ukungu wake kwenye picha. ISO 800 na kupanda juu, bembeleza zaidi. Na HP5, filamu ya Ilford ya ISO 400, ukiipiga kwa kuweka kamera 1600, ihesabu ni 1600.

Mashine za CT, zile mpya zinazopiga eksirei begi kutoka pande nyingi, ni habari nyingine. Kodak, watengenezaji wa filamu, wenyewe wanasema filamu isipite humo, hata mara moja. Ukiambiwa uache kompyuta ndani ya begi, shtuka: huenda ndiyo hiyo. Omba msimamizi aitwe, kwa upole uleule. Marekani ukaguzi wa mkono unaruhusiwa ukiomba. Kwingine neno la mwisho ni la afisa.

Kwa sababu hiyo mimi Mtwara hadi Dar ningepanda basi. Safari ni ndefu, ndiyo, ila hadi unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji hakuna eksirei hata moja. Mfuko ukae mapajani, si kwenye buti la basi, kule kuna joto la tanuri.

Hatua ya 5. Safisha mikanda hukohuko, urudi na negativu.