Kufuatilia habari za UTP Nyanda za Juu Kusini

United Tanganyika Party (UTP) iliundwa mwaka 1956, ikiwa na baraka za Gavana Edward Twining, ili kuizuia TANU. Mwenyekiti wake, Ivor Bayldon, alikuwa mlowezi wa huku huku Nyanda za Juu, kwa hiyo mtafiti aliyeko Iringa au Mbeya ana pa kuanzia.

Weka sawa ramani kwanza. Wakati ule Iringa, Njombe, Mbeya, Rungwe na Chunya zilikuwa wilaya ndani ya jimbo moja, la Nyanda za Juu Kusini. Ukienda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukaulizia "Mkoa wa Njombe" wa 1957, utarudi mikono mitupu. Ulizia majalada ya jimbo, kisha ya wilaya. Beba penseli, na kwa kila karatasi andika namba ya jalada na ya ukurasa hapo hapo. Kuitafuta upya ni kazi ya siku nzima.

Wengi huteleza kwenye matokeo ya uchaguzi wa 1958 na 1959. Zilikuwa kura tatu: kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Basi usidhani kwamba Mzungu aliyeshinda alibebwa na Wazungu wenzake au alikuwa wa UTP. TANU iliwaunga mkono Wazungu na Waasia iliowaamini, na UTP ilishindwa vibaya. Tena waliopiga kura walikuwa wachache, maana sharti lilikuwa elimu ya darasa la 8, kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Usiandike kwamba "wananchi waliikataa UTP" kana kwamba kila mkulima wa Rungwe aliulizwa.

Magazeti yasome mawili mawili: Tanganyika Standard la upande wa walowezi, na Mwafrika la wapigania uhuru.

Wazee je? Aliyekuwa na miaka 21, umri wa kupiga kura, mwaka 1958 alizaliwa 1937. Wengi utakaowakuta walikuwa watoto, kwa hiyo usiwaulize walimpigia nani. Uliza walichoona: nani alihutubia, wapi, mwenye shamba la chai Mufindi aliwaambia nini vibarua. Usitaje UTP mwanzoni, mzee atakujibu unachotaka kusikia. Akitoa kadi au picha ya zamani, ipige picha pande zote mbili pale pale mezani, kisha mrudishie.