Daraja A au A1? Soma kwanza kadi ya pikipiki

Unayeanza kuendesha pikipiki Tanzania, usichague daraja la leseni kabla hujajua utaendesha chombo gani. Mpaka kati ya A na A1 ni ujazo wa injini wa cc 125. Chini ya hapo, bila kigari cha pembeni, ni A1. Ikizidi, ni A. Bajaji na guta la injini ni A2, na vipikipiki visivyozidi cc 50 ni A3.

Namba iliyobandikwa kwenye tangi isikupe uhakika, kwani mara nyingi imekadiriwa tu. Soma ujazo wa injini kwenye kadi ya usajili. Boxer 150, kwa mfano, ina takriban cc 145, kwa hiyo ni A moja kwa moja.

Kosa tunaloliona sana: mtu anajifunzia pikipiki ndogo ya chuo cha udereva, anaombewa A1, kisha ananunua ya 150 ya bodaboda. Hapo anaendesha nje ya daraja lake, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa. Mwambie mwalimu mapema utaendesha pikipiki gani, tena kabla ya fomu ya leseni kujazwa. Kama utabeba abiria, pikipiki yenyewe inahitaji pia leseni ya LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini).