Mwelekezi na shorana: namna ya kugawana tamthilia bila kugombana

Kwenye filamu, mwelekezi ndiye nahodha na hakuna anayelibishia hilo. Tamthilia ya televisheni ni jahazi jengine. Ukiwa na vipindi 13 au 26, waelekezi hupokezana: mmoja anapiga vipindi vinne, mwenzake anapokea vinne vinavyofuata. Anayebaki tangu kikao cha kwanza cha waandishi hadi kipindi cha mwisho kinapokabidhiwa stesheni ni shorana (showrunner), msimamizi mkuu wa tamthilia nzima. Marekani kazi hii kwa kawaida hufanywa na mwandishi mkuu, na kwenye orodha ya majina huandikwa kuwa prodyusa mtendaji.

Mombasa mara nyingi mtu mmoja ndiye mwenye pesa, mwandishi na mwelekezi. Hali hiyo huenda vizuri mpaka kipindi cha nne au cha tano, siku uhariri unapoanza huku upigaji haujaisha, na hapo ndipo mwelekezi wa pili anapoitwa kwa haraka na vurugu kuanza. Fuata hatua hizi kabla ya siku hiyo.

Hatua ya 1: Andikeni nani ana neno la mwisho

Ukurasa mmoja wa A4, na sahihi mbili. Shorana: hadithi, skripti, waigizaji wakuu, sura ya tamthilia nzima, uhariri wa mwisho. Mwelekezi: shoti, mahali pa kamera, mwendo wa waigizaji ndani ya sini (onyesho moja), kasi ya kazi siku ya kupiga, na toleo lake la uhariri. Mwigizaji wa kipindi kimoja hupendekezwa na mwelekezi, shorana akaidhinisha. Kama shorana ndiye pia mwenye mkoba, tafuteni mtu wa tatu wa kusema "pesa hamna". Mwandishi hawezi kujinyima mwenyewe sini ya usiku kivukoni.

Hatua ya 2: Kitabu cha tamthilia

Hiki ni kitabu cha kumbukumbu cha wahusika na kanuni za tamthilia; kurasa 15 zatosha. Watu wengi hujaza maelezo ya wahusika na kusahau lugha. Amueni humo nani anasema "njoo" na nani anasema "ndoo", nani anapita "njia" na nani anapita "ndia". Bibi wa Mji wa Kale akizungumza Kimvita kipindi cha 2 kisha akaongea kama msomaji wa taarifa ya habari kipindi cha 7, mtazamaji wa Kisauni ataona kabla ya mkosoaji yeyote. Uamuzi huu ni wa shorana. Mwelekezi mgeni asiubadilishe kwa kuwa mwigizaji amestarehe zaidi na Kiswahili sanifu.

Hatua ya 3: Fungeni namba za sini

Skripti ikishagawiwa, namba hazibadiliki: sini mpya kati ya 14 na 15 ni 14A. Marekebisho hutoka kwa karatasi za rangi, nyeupe kwanza, kisha buluu, waridi, manjano, kijani. Mistari iliyobadilishwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp saa tano usiku haihesabiwi. Hili halina mjadala.

Hatua ya 4: Kikao cha mwelekeo

Hapa ndipo tamthilia nyingi huharibika, kwa sababu kikao hiki huonekana kama soga na hurukwa. Shorana na mwelekezi hukaa wawili, skripti mezani, wakapitia kipindi sini baada ya sini. Kipindi cha dakika 24 kitakula kama saa tatu. Msipitie viwili kwa mkao mmoja. Kile cha pili hupitishwa kwa "hii iko sawa, hii iko sawa".

Chukua mfano huu. Kipindi cha 6, sini ya 22, usiku, baraza ya nyumba Kibokoni. Mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mwanawe anaingia, mchana ameiuza mashua ya marehemu baba yake. Skripti inampa mama neno moja: "Ushakula?" Mwelekezi yeyote mwenye moyo atalisoma neno hilo kuwa upole wa mama asiyejua kitu, ataisogeza kamera usoni na kungoja macho yalegee. Lakini shorana anajua kwamba mama alishaambiwa habari ya mashua tangu alasiri, na kwamba hilo litafichuka kipindi cha 9. Kipindi cha 9 hakijaandikwa. Mwelekezi hana njia ya kujua. Akiipiga sini kwa upole mtupu, kipindi cha 9 kitakuwa uongo. Akiambiwa, ataiweka kamera kwenye mkono unaokuna, kasi ibadilike kidogo kijana anapoingia, na mama asinyanyue uso. Neno ni lile lile.

Kwa hiyo kila sini iulizwe: nani anajua nini sasa hivi? Kila mtu amekuja kutafuta nini? Ni kitu gani mtazamaji asikione bado? Majibu yaandikwe pembeni mwa skripti kwa kalamu, na nakala apewe mwangalizi wa mwendelezo, anayehakikisha shoti na sini zinalingana.

Kuna tahadhari zake. Kikao kifanyike baada ya kuzuru lokesheni, la sivyo mtabishana juu ya mlango usiokuwepo. Kifanyike kabla ya ratiba kufungwa, maana sini iliyokuwa ya robo siku yaweza kutoka humo ikihitaji nusu siku. Mpigapicha aje saa ya mwisho tu. Shorana asiigize mistari mwenyewe kuonyesha "isemwe hivi", kwani mwelekezi atabeba sauti hiyo hadi kwa mwigizaji na mtapata kasuku. Na kama nyumba imekodiwa siku nne na sini za vipindi vya 4 na 5 zinapigwa humo pamoja, waelekezi wote wawili wakae kikao kimoja kwa sini hizo, hata kama hawapendani.

Jambo la mwisho, ambalo halimo kwenye miongozo ya kigeni: hina. Ya bibi harusi hufifia ndani ya wiki moja hadi mbili. Vipindi viwili vikipigwa kwa wiki tatu, mikono itapishana. Mwangalizi apige picha mikono yote miwili, kiganja na mgongo, na mpakaji hina awepo siku ya kurudia.

Hatua ya 5: Kwenye seti

Shorana hazungumzi na mwigizaji. Akiwa na neno, humnong'oneza mwelekezi kati ya kurudia na kurudia. Mwigizaji akisikia sauti mbili humtii anayelipa, na mwelekezi anageuka mpambe.

Sini za ufukweni na za Mama Ngina, kando ya bahari, zipangwe kwa jedwali la maji. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukipiga nusu ya sini leo na nusu keshokutwa saa ile ile, mwamba uliokuwa mkavu utakuwa majini. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, husamehe zaidi. Mji wa Kale, acheni nafasi ya adhana: misikiti haianzi pamoja, basi hesabuni dakika kadhaa za kunyamaza, na Ijumaa adhuhuri msipange kitu.

Hatua ya 6: Uhariri

Mhariri aunge kwanza, kisha mwelekezi apewe siku mbili peke yake, mlango umefungwa. (Mkataba wa Directors Guild of America, chama cha waelekezi cha Marekani, hutoa siku nne kwa kipindi cha saa moja.) Shorana huingia baadaye, na kuanzia hapo kipindi ni chake. Maoni ya stesheni yapitie kwake tu, yatoke kwa orodha moja. Mhariri asipigiwe simu na watu watatu.

Tatizo la kawaida ni kipindi kuzidi dakika tatu na kukosa pa kukata, kwa kuwa mwelekezi alipiga sini nzima kwa shoti moja ndefu ya kupendeza. Ombeni walau shoti ya mtu anayesikiliza katika kila sini ya watu wawili. Tengeni nusu siku ya kupiga vipande vilivyopungua, na hadi siku hiyo ipite, mwigizaji mkuu asinyoe ndevu.